Kitambi si Dalili ya Neema: Tuulinde Moyo Mapema



Hapa Kijenge mtu akinenepa husifiwa kwamba mambo yake ni mazuri. Miaka ikipita, miguu inaanza kuvimba, anahema akipanda kilima kidogo, na usiku halali bila mito miwili au mitatu. Wengine husema ni uzee, wengine kwamba amerogwa. Mara nyingi ni moyo unaoshindwa kufanya kazi, yaani hausukumi tena damu inavyotakiwa.

Unene unahusikaje? Kwanza, mwili mkubwa unahitaji damu nyingi, hivyo moyo hufanya kazi ya ziada usiku na mchana. Pili, mafuta ya tumboni huchangia kupanda kwa shinikizo la damu. Msuli wa moyo ukisukuma dhidi ya shinikizo hilo kwa miaka, huwa mnene na mgumu. Tatu, mafuta hayo huzuia insulini isifanye kazi vizuri. Sukari hupanda katika damu na kuharibu mishipa na moyo wenyewe.

Huko Framingham, Marekani, watafiti walifuatilia watu 5,881. Mwaka 2002 walieleza kuwa wenye unene uliokithiri walikuwa na hatari mara mbili ya kupata ugonjwa huu. Hapa nchini, wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi walichunguzwa Muhimbili mwaka 2012 na 2013. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu, na chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu, asilimia 45. Huo ni umri wa wazazi ambao bado wanasomesha watoto.

Habari njema ni kwamba hatari hizi hupimika kabla moyo haujachoka. Tunaomba kila kamati iwe na futi ya fundi cherehani na mashine ya kupimia presha, na kupima watu baada ya ibada mara moja kwa mwezi. Kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanaume, ni onyo. Presha ikifika 140/90 zaidi ya mara moja, mhusika aende zahanati, na akipewa dawa asiache kwa kujisikia nafuu. Katika vikao na sherehe zetu tupunguze soda, chipsi na chumvi. Maharage na mboga za majani tunazo. Safari fupi twende kwa miguu.

Wafadhili wetu, mashine moja inaweza kuhudumia usharika mzima. Na aliyekwisha kuvimba miguu asingoje siku ya kupima: apelekwe hospitali leo.