Gundi na Klampu: Jinsi ya Kuunga Mbao

Tazama dawati unalokalia. Limetengenezwa kwa vipande vingi vya mbao, na kila mahali vipande viwili vinapokutana pana kiungo. Uzito wako wote hubebwa na viungo hivyo. Kiungo kikilegea, dawati hutikisika. Kikiachia kabisa, dawati huvunjika na aliyekalia huanguka. Kwa hiyo seremala hana budi kujua jinsi ya kuunga mbao zikashikamana barabara.

Katika somo hili tutajifunza jinsi gundi inavyoshika mbao, na kwa nini mbao zilizopakwa gundi hubanwa.

1. Gundi hushikaje mbao?

Chukua kipande cha ubao ukitazame kwa lenzi mahali kilipokatwa kwa msumeno. Utaona vitundu vidogo vingi. Mti ulipokuwa hai, vitundu hivyo vilikuwa mirija iliyopitisha maji kutoka mizizini kwenda kwenye majani.

Gundi nyeupe ya mbao ni mchanganyiko wa maji na chembechembe ndogo sana za plastiki. Inapopakwa juu ya ubao, huingia katika vitundu na katikati ya nyuzi za mti. Kisha sehemu ya maji hufyonzwa na ubao, na sehemu nyingine hugeuka mvuke na kupotea hewani. Chembechembe zilizobaki husogeleana, hushikana na kuwa utando mmoja mgumu. Utando huo umejikita katika ubao wa kwanza na katika ubao wa pili, kama vile mizizi inavyojikita katika udongo.

Ufundi huu ni wa kale sana. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mafundi wa Misri waliunga viti na masanduku kwa gundi waliyoipata kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama.

2. Kwa nini mbao hubanwa?

Huenda ukauliza: Ikiwa gundi hushika yenyewe, kubana kuna faida gani?

Pitisha kidole juu ya ubao uliopigwa randa. Unaona ni laini. Hata hivyo, ubao huo bado una vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Mbao mbili zikiwekwa pamoja bila kubanwa, hugusana mahali pachache tu. Kwingine hubaki uwazi. Gundi iliyojaa katika uwazi hunywea maji yake yanapotoka, na kuacha mapengo. Kiungo cha namna hiyo ni dhaifu.

Kubana kuna faida nne:
(a) Hukaribisha mbao, hivyo utando wa gundi huwa mwembamba na imara.
(b) Husukuma gundi iingie katika vitundu vya mbao.
(c) Hutoa hewa iliyonaswa katikati.
(d) Huzuia mbao zisisogee wakati gundi inakauka.

Hata hivyo, kubana kuna kiasi chake. Ukikaza kupita kiasi, gundi nyingi hukamuliwa nje na kiungo hubaki kikavu. Seremala hutazama ukingo wa kiungo. Akiona gundi imejitokeza kama shanga ndogo zilizopangwa mstari, hujua kwamba amekaza vya kutosha.

3. Vifaa vya kubania

Kifaa cha kubania mbao huitwa klampu. Kile kilichofungwa katika meza ya seremala huitwa jiriwa. Vifaa hivi viwili hufanya kazi kwa skrubu, ambayo ni mashine rahisi. Mkono wako ukizungusha mpini mzunguko mzima, taya ya klampu husogea milimita chache tu. Mkono umekwenda safari ndefu, na taya imekwenda safari fupi. Kwa sababu hiyo nguvu ndogo ya mkono hugeuka kuwa nguvu kubwa ya kubana.

Shule isiyokuwa na klampu inaweza kutumia vifaa hivi:

Kamba na kijiti. Zungusha kamba katika miguu ya kiti na uifunge. Ingiza kijiti kati ya kamba na ukizungushe. Kamba hujisokota, hufupika na kuikaza miguu. Kijiti kizuiwe kisirudi nyuma.

Kabari. Pigilia vipande viwili vya mti juu ya ubao imara. Weka kazi yako katikati, kisha ingiza kabari kwa nyundo polepole.

Mawe. Haya hufaa kwa mbao pana zinazolala moja juu ya nyingine.

4. Kukarabati kiti kilicholegea

Fuata hatua hizi:
(i) Tenganisha kiungo kilicholegea. Kwangua gundi ya zamani yote, kwa maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi iliyokwisha kauka.
(ii) Hakikisha mbao ni kavu, hazina vumbi wala mafuta. Ubao mbichi husinyaa baadaye na kufungua kiungo. Mbao za mtiki zina mafuta ya asili, kwa hiyo huungwa mara tu baada ya kupigwa randa.
(iii) Unga kiti bila gundi kwanza, ukijaribu klampu zako zote. Gundi ikishapakwa hutakuwa na nafasi ya kutafuta kifaa kilichopotea.
(iv) Paka gundi kiasi katika pande zote mbili za kiungo.
(v) Weka vipande vya mbao chakavu kati ya taya za klampu na kiti, ili taya zisiache alama. Kisha kaza.
(vi) Simamisha kiti juu ya sakafu iliyo sawa, uhakikishe kwamba miguu yote minne inagusa chini. Kiti kikikauka kikiwa kimepinda, kitabaki hivyo hivyo.
(vii) Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye unyevu.
(viii) Acha kiti kikiwa kimebanwa kwa muda wa saa moja au zaidi. Usikikalie mpaka zipite saa 24, ili gundi ikauke hadi ndani.

Ukichunguza kiti hicho, huenda ukaona kwamba mwisho wa ubao mmoja umechongwa kama ulimi, nao umeingia katika tundu la ubao mwingine. Mwisho wa ubao hunywa gundi upesi, kwa kuwa mirija yake iko wazi, na kiungo chake huwa dhaifu. Ulimi na tundu huipa gundi eneo kubwa zaidi la kushika ubavuni mwa nyuzi.

5. Jaribio

Vifaa: Vipande sita vya ubao wa aina moja, kila kimoja urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 3, gundi ya mbao, klampu au kamba, mafuta ya kupikia, kopo lenye kamba, mchanga, kijiko.

Njia: Unga jozi tatu. Katika kila jozi, mwisho wa kipande kimoja ulale juu ya mwisho wa kingine kwa sentimita 2 tu.
Jozi A: paka gundi, usibane.
Jozi B: paka gundi, kisha bana.
Jozi C: paka mafuta, futa, paka gundi, kisha bana.

Ngoja mpaka kesho yake. Mwalimu akandamize kipande kimoja cha jozi mezani, kile kingine kitokeze nje ya meza. Tundika kopo mwishoni mwake na uongeze mchanga kijiko kwa kijiko, ukihesabu, mpaka kiungo kiachie. Weka miguu yako mbali na kopo.

Andika idadi ya vijiko kwa kila jozi. Kisha chunguza mahali palipoachia. Ukiona nyuzi za mti zimeng'oka, jua kwamba gundi ilikuwa imara kuliko ubao wenyewe.

6. Tahadhari

Gundi nyeupe ya kawaida hulegea ikilowa maji. Usiitumie kwa mtumbwi, wala kwa benchi linalonyeshewa mvua. Baadhi ya gundi nyingine, kama ile ya viatu, hutoa mvuke unaoshika moto kwa urahisi na unaodhuru ubongo. Usivute mvuke huo kamwe.

Maswali

1. Maji yaliyomo katika gundi huenda wapi gundi inapokauka?
2. Taja faida nne za kubana mbao zilizopakwa gundi.
3. Juma alikaza klampu kwa nguvu zake zote, lakini kiungo kikaachia baada ya siku chache. Eleza sababu.
4. Katika jaribio letu, kwa nini vipande vyote vilikuwa vya ubao wa aina moja na ukubwa mmoja?
5. Tafuta dawati au kiti kilicholegea shuleni. Andika hatua utakazofuata kukikarabati, kisha mwonyeshe mwalimu wako.