Ruwaza za namba ndizo mlango wa aljebra

WANAFUNZI wengi wa sekondari msingi husoma Hisabati bila taabu kubwa hadi siku mwalimu anapoandika herufi ubaoni mahali walipozoea kuona namba. Tangu siku hiyo, baadhi yao hukariri hatua wasizozielewa na wengine hukata tamaa kabisa.

Aghalabu chanzo cha tatizo hilo si herufi. Huwa mwanafunzi amefikishwa kwenye aljebra kabla ya kupata mazoezi ya kutosha ya ruwaza, yaani mpangilio wa namba au maumbo unaofuata kanuni fulani.

Chukua mfano wa njiti za kiberiti. Mraba mmoja huundwa kwa njiti 4. Ukiunganishwa na wa pili ubavuni, zinahitajika njiti 7. Miraba mitatu huhitaji 10, na minne 13. Karibu kila mwanafunzi ataona upesi kwamba njiti 3 huongezeka kila mara.

Hata hivyo, akiulizwa miraba 50 itahitaji njiti ngapi, kanuni ya kuongeza 3 itamchosha. Hapo ndipo hulazimika kutafuta uhusiano kati ya idadi ya miraba na idadi ya njiti. Akichunguza mchoro, atagundua kuwa njiti ya kwanza husimama peke yake, kisha kila mraba huleta njiti zake 3. Kwa hivyo, atazidisha 50 kwa 3 na kuongeza 1, apate 151.

Akishaieleza kanuni hiyo kwa maneno yake mwenyewe, kuiandika 3m + 1 huwa ni kufupisha tu jambo analolijua. Ni muhimu aelewe kwamba m si kifupisho cha neno mraba, bali ni idadi ya miraba, ambayo yaweza kuwa 5, 50 au 500.

Mwingine huenda akazidisha 50 kwa 4 na kupata 200, kisha aondoe njiti 49 zilizohesabiwa mara mbili pale miraba inapokutana. Jibu ni lile lile 151. Mwalimu anayewapa wanafunzi nafasi ya kulinganisha njia hizo mbili huwa amewaonyesha kwa nini maandishi mawili tofauti ya aljebra yanaweza kuwa na thamani moja.

Uhusiano wa aina hii, ambapo namba moja huamua nyingine, umejaa katika maisha ya kila siku. Tuseme mwendeshaji bodaboda anatoza Sh50 za kuanzia safari na Sh20 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 5 itagharimu Sh150. Swali likigeuzwa, kwamba abiria alilipa Sh210, mwanafunzi ataondoa Sh50, abaki na Sh160, kisha agawanye kwa 20. Safari ilikuwa ya kilomita 8, naye amekokotoa mlinganyo 20k + 50 = 210.

Kikwazo kingine ni alama ya usawa. Watoto wengi huichukulia kuwa amri ya kuandika jibu. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 1999, wanafunzi wa shule za msingi walipewa swali 8 + 4 = □ + 5, na wengi wakajaza 12 au 17. Jibu sahihi ni 7, kwa kuwa alama hiyo ni kama mizani ya sokoni: pande zote mbili sharti ziwe na uzito sawa, na kinachoondolewa upande mmoja huondolewa pia upande wa pili.

Wazo hilo ndilo lililozaa jina la somo lenyewe. Katika karne ya 9, mwanahisabati al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu ambacho neno la Kiarabu al-jabr, lenye maana ya kurejesha, limo katika jina lake. Alikitumia kutatua masuala ya mirathi na biashara, na milinganyo yake aliieleza kwa maneno matupu, bila herufi.

Nchini Kenya, mwanafunzi anayelegea katika mada hii anaweza kujifungia milango mapema. Mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, hufanywa mwishoni mwa Gredi ya 9, na matokeo yake huchangia kuamua iwapo mwanafunzi atafuata mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika sekondari ya juu.

Mzazi hahitaji kuwa mtaalamu ili amsaidie mwanawe. Dakika chache kila jioni zatosha: mtoto achore ruwaza, aipange katika jedwali, abashiri hatua ya 10 na ya 100, aeleze kanuni kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, ndipo aiandike kwa herufi. Mwisho, aweke namba mahali pa herufi kuhakikisha kuwa kanuni yake inakubaliana na mchoro. Isipokubaliana, arudi kwenye njiti zake na kuzihesabu upya kabla ya kukimbilia majibu yaliyo nyuma ya kitabu.