Mwanga Unaosoma Chuma Katika Damu

Mzazi mpendwa, kama umewahi kumpeleka mtoto mwenye kichomi hospitali ya Bugando, pale kilimani Mwanza, au hospitali nyingine ya kando ya Ziwa, huenda ulimwona muuguzi akimbana kidole kwa kidude kama kibanio cha nguo. Hakuchoma sindano. Mara ikatokea namba: 97. Amejuaje?

Jibu limo katika chuma. Naam, chuma kama kile cha jembe! Wekundu wa damu hutoka kwa kitu kiitwacho himoglobini, na kila punje yake ina chembe 4 za chuma. Chuma hicho hupokea oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini. Kikiwa na mzigo, damu hung'aa. Kikishautua, damu huwa nyekundu ya giza.

Mwaka 1862 Mjerumani Hoppe-Seyler alipitisha mwanga katika damu, akaona rangi zinazomezwa na himoglobini. Mwaka 1864 Stokes wa Uingereza akaonyesha kwamba alama hizo hubadilika oksijeni inapoondoka. Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi akaeleza namna ya kuisoma damu inayodunda mwilini bila kuitoa. Kidude kile hupitisha mianga miwili kidoleni, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hulinganisha kiasi kilichopenya. Namba ikishuka chini ya 90, mtoto anahitaji kupewa oksijeni upesi.

Lakini sikilizeni vizuri, wazazi. Fikirini mitumbwi inayopeleka chakula Ukerewe. Mitumbwi 10 ikijaa yote, tutasema imejaa 100 kwa 100. Je, kama kisiwa kilihitaji mitumbwi 30? Watu watalala njaa! Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria. Himoglobini iliyobaki imejaa oksijeni, namba inasema 98, kumbe himoglobini yenyewe ni chache. Kidude husoma mzigo, hakihesabu mitumbwi.

Basi, ukiona mtoto anahema mbio na kifua kinabonyea ndani, usingoje kesho. Na kama viganja vyake vimekuwa vyeupe, usirudi nyumbani kwa kuwa namba ni nzuri. Mwambie mganga, umwombe apime wingi wa damu. Mungu aliyetupa watoto ametupa na macho ya kuwatazama.