Ajua Jina la Tamathali, Shairi Limempita

MWULIZE mwanafunzi ye yote wa kidato cha tatu akutajie tamathali za usemi. Atazimwaga kama mtu amwagaye mahindi guniani: tashbihi, istiara, tashihisi, chuku, kinaya, takriri, na nyinginezo tele. Sasa mpe shairi la beti tano asilopata kuliona, umwulize linasema nini. Huenda akakukodolea macho.

Hili ni jambo linalowasumbua walimu wengi wa Kiswahili. Istilahi zimekaririwa barabara, lakini mtoto hakuonyeshwa zinafanya kazi gani. Ni kama fundi aliyejifunza majina ya vifaa vyote, randa, msumeno na patasi, asipate hata siku moja kuikata mbao.

Hasara yake ni kubwa. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya Kiswahili ni ya fasihi, nayo ina alama 80. Humo mtahiniwa hatakiwi kutaja jina na kuliacha hewani. Atataja, atatoa mfano kutoka katika kazi aliyoisoma, kisha ataeleza mwandishi amepata nini kwa kutumia mbinu hiyo. Aliyekariri majina matupu hukwama njiani.

Lakini mtihani si yote. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba kijana humaliza shule akiamini kuwa fasihi ni orodha ya maneno magumu, na baada ya siku ya mwisho ya mtihani hafungui tena kitabu cha hadithi wala diwani ya mashairi.

<b>Tamathali ndani ya matatu</b>

Ukweli ni kwamba maneno haya ni majina ya mambo tuyafanyayo kila siku bila kufikiri. Panda matatu ye yote saa ya jioni usikilize abiria.

Mmoja atasema, "Gari hili linakimbia kama risasi." Hiyo ni tashbihi, maana amelinganisha vitu viwili na kutumia neno "kama". Wa pili atajibu, "Dereva huyu ni kobe!" Hapo "kama" imeondolewa, na dereva amefanywa kobe mwenyewe. Hiyo ni istiara.

Mama aliyebeba kikapu atalalamika kwamba njaa inamtafuna. Njaa haina meno, lakini yeye ameipa. Hiyo ni tashihisi. Mwingine atasema gari limejaa hata sisimizi hapati pa kusimama. Hiyo ni chuku. Na gari likifika mwisho wa safari saa mbili nzima baada ya wakati wake, mzee mmoja atashuka polepole na kusema, "Ahsante sana dereva kwa kutufikisha mapema." Watu watacheka, maana wote wamekielewa kinaya.

Hakuna hata mmoja kati ya abiria hao aliyefungua kitabu. Mwalimu akianzia hapo, mtoto atatambua kwamba istilahi inaleta jina tu, lakini kitu chenyewe alikuwa nacho tangu alipoanza kusema.

<b>Maneno yenyewe yatoka wapi?</b>

Yafaa pia mwanafunzi aelezwe asili ya maneno haya. "Mizani" ni mizani ile ile ya dukani inayopima sukari. Neno "beti" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni nyumba. "Bahari" ya mashairi nayo ilitoka huko huko. Kwa upande mwingine, "kituo" ni pale mtu anapotua, na "kibwagizo" ni kile kinachobwagwa mwishoni mwa kila ubeti.

Maneno ya ushairi yalitumiwa na washairi wa pwani kabla hayajaingia darasani. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu chake kuhusu sheria za kutunga mashairi, na tangu hapo hesabu ya vina na mizani ikawa na mwongozo ulioandikwa. Miaka ya baadaye wasomi walihitaji maneno ya kujadilia riwaya na tamthilia, ndipo tukazoea kusikia mhusika, msuko, mandhari, maudhui na usimulizi. Leo ziko kamusi nzima za istilahi hizi, kama ile ya Mwenda Mbatiah ya mwaka 2001 na ile ya K. W. Wamitila ya mwaka 2003.

Hapa Kenya mambo yalibadilika mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza na Kiswahili kikawa somo la lazima la kufunzwa na kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo istilahi za fasihi zikawa mzigo wa kila mtoto, wala si wa wachache waliochagua somo hilo.

<b>Kuhesabu si kusoma</b>

Tuchukue mfano. Hii hapa mishororo miwili iliyotungwa kwa ajili ya makala haya:

Baba amekwenda shamba, jembe lake mkononi,
Mama asafisha nyumba, moto uwake jikoni.

Mwanafunzi hodari atahesabu kwa vidole: ba-ba-a-me-kwe-nda-sha-mba, nane. Je-mbe-la-ke-m-ko-no-ni, nane tena. Atakumbuka kuwa "m" ya "mkononi" husimama peke yake na kuhesabiwa, hali "mb" ya "jembe" huungana na irabu yake. Atasema kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na jumla ya mizani 16. Vina vya kati ni "mba", vya mwisho ni "ni". Atapata alama zake.

Lakini je, amelisoma shairi? Bado. Na aulize kwanza kwa nini mtunzi alisema "amekwenda shamba", asiseme "shambani". Lugha humruhusu yote mawili. Lakini kwa "shambani" mizani ingekuwa tisa, na kina cha kati kingevunjika. Kumbe mizani humlazimisha mtunzi kuchagua neno.

Kisha aulize jambo la pili. Baba yuko nje, mama yuko ndani. Baba amepewa mizani 16, na mama 16 vile vile. Je, mtunzi anatuambia kazi zao zina uzito mmoja? Au anatuuliza ni nani aliyeamua huyu awe nje na yule awe jikoni? Hapo sasa tumeingia katika maudhui, na ni ile hesabu ya vidole iliyotufikisha.

<b>Mamba wa gerezani</b>

Ye yote anayedhani kwamba istiara ni pambo tu na amkumbuke Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa. Mwaka 1969 alifungwa jela kwa sababu ya waraka aliouandika kuikosoa serikali ya wakati ule, uitwao "Kenya: Twendapi?" Akiwa kifungoni alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika katika karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata mashairi hayo yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi mwaka 1974.

Humo mna shairi liitwalo "Mamba". Mtoto anayesoma juu juu ataona habari za mnyama wa mtoni. Aliyekariri ataandika, "Mamba ni istiara," kisha atapiga nukta. Lakini aliyefundishwa kusoma atauliza: Mtu aliyefungiwa na wenye nguvu, angewatajaje wenye nguvu hao? Wasomaji wengi wamemwona mamba yule kuwa ni mtawala dhalimu. Kwa mfungwa, istiara ilikuwa ngao. Ilimwezesha kusema asichoweza kusema waziwazi.

Mwanafunzi akiliona hilo mara moja, hatasahau tena maana ya istiara, wala hatahitaji kuikariri usiku wa kuamkia mtihani.

<b>Kitu kimoja, majina mawili</b>

Liko tatizo jingine ambalo si kosa la mtoto. Kitu kimoja huwa na majina mengi. Tashbihi huitwa pia mshabaha. Istiara kwa wengine ni sitiari. Tashihisi huitwa uhuishaji. Takriri ni uradidi. Mtoto akihama shule, au akibadilishiwa kitabu, hudhani amekutana na mambo mapya.

Zaidi ya hayo, neno moja laweza kuwa na maana mbili. Katika shule zetu, "maudhui" huwa ni mambo yanayozungumziwa katika kazi, kama vile ufisadi, ndoa au elimu, na "dhamira" ni lengo la mwandishi katika kuyazungumzia. Vuka mpaka uingie Tanzania. Vitabu vingi vya huko hugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, na dhamira huwa ni sehemu moja tu ya maudhui, pamoja na migogoro, ujumbe na falsafa. Mtoto wa Taveta aliyeazima kitabu cha Moshi asipoelezwa tofauti hii atachanganyikiwa, na si haki alaumiwe.

Dawa yake ni mwalimu kueleza kitu kwanza, jina baadaye, kisha aseme wazi kwamba wengine hukiita hivi na wengine vile.

<b>Hata katika ufahamu</b>

Mambo ni yale yale katika karatasi ya pili, ambamo ufahamu una alama 15 na ufupisho 15. Wengi huanguka kwa kutosoma vyema maneno ya swali lenyewe. "Taja" hutaka jina. "Eleza" hutaka sababu. "Thibitisha" hutaka ushahidi kutoka katika kifungu, na "linganisha" hutaka vitu viwili viwekwe bega kwa bega.

Vile vile swali likisema "kama lilivyotumiwa katika kifungu", maana ya kamusi peke yake haitoshi. Kifungu kikisema tajiri fulani ni mkono wa birika, mtoto asilete habari za chai. Tajiri huyo ni bahili. Hiyo ndiyo kazi ya muktadha: neno huulizwa na jirani zake.

Na msomaji asisahau nafsineni. Mwanamume aweza kutunga shairi akasema kwa kinywa cha mjane. Anayeandika kwamba "mshairi alifiwa na mumewe" hajui tofauti kati ya mtunzi na sauti aliyoibuni.

Basi mwalimu na ajaribu hivi kwa muhula mmoja: kila istilahi ifundishwe kwa maneno ambayo watoto wenyewe wameyasikia nyumbani, sokoni au garini, kisha itafutwe kitabuni, na mwisho liulizwe swali moja fupi: "Pangekosekana nini kama mwandishi asingeitumia?" Mzazi naye, hata kama hakusoma fasihi, aweza kumwuliza mwanawe swali hilo hilo jioni. Mtoto anayeweza kulijibu ameelewa, hata kama jina lenyewe limemponyoka.