Je, Wajua? Dhahabu na Wati Ndani ya Prosesa

Katika eneo la Kilo, huko Ituri, dhahabu iligunduliwa mwaka 1903. Madini ya aina hiyo hayaishii kwenye pete na mikufu. Hupakwa pia chini ya prosesa za kompyuta. AMD Threadripper 7980X, iliyoundwa kwa kompyuta za kazi nzito, hukaa kwenye soketi yenye miguso 4,844, na dhahabu huilinda miguso hiyo isipate kutu. Prosesa ya laptopu kama Ryzen 7 7840U haichomolewi: huunganishwa na bodi kwa lehemu moja kwa moja, bila soketi.

Tofauti kubwa zaidi ni umeme. Threadripper hiyo ina viini 64 na imepangiwa wati 350. Ryzen hiyo ina viini 8 na wati 28 tu. Kwa mkazi wa Bunia, humo humo Ituri, anayetegemea sola, paneli moja ya wati 400 inaweza kumezwa karibu yote na prosesa kubwa peke yake ikifanya kazi kwa nguvu zote, hata kabla hajawasha skrini. Kuhariri filamu ndefu au kuchora mgodi kwa pande tatu kunastahili gharama hiyo. Kwa barua, masomo na hesabu za duka, laptopu yatosha kabisa. Ukienda kununua, uliza wati kwanza.