UKARABATI WA JIKO: NANI AANZE, FUNDI BOMBA AU FUNDI TAILIZI?

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni, tuongelee jiko. Najua kuna mshkaji hapo anajisemea, "mimi naishi geto, jiko linanihusu nini?" Subiri kidogo. Siku bimkubwa akipokea hela yake ya upatu na kuamua kukarabati jiko, msimamizi wa mafundi utakuwa wewe. Na hapo ndipo hela za watu zinapoteketea. Fundi mwizi anachangia, lakini mpangilio mbovu unakula zaidi.

Mtaani mambo huwa hivi: mshiko ukipatikana, safari ya kwanza ni Kariakoo kununua tailizi zinazong'aa. Fundi anabandika, majirani wanakuja kushangaa. Wiki mbili baadaye mtu anakumbuka kwamba upande wa friji hakuna soketi. Fundi umeme anakuja na tindo na nyundo, tailizi mpya zinavunjwa, na ukirudi dukani rangi ile imeisha. Hasara mara mbili.

Kanuni ni moja tu: kinachofichwa ndani ya ukuta na sakafu kinatangulia, kinachoonekana kinafuata. Twende hatua kwa hatua.

1. KARATASI KABLA YA NYUNDO
Pima jiko lote, chora. Amua mapema sehemu ya vitu vitatu: sinki, jiko la kupikia na friji. Hivyo ndivyo vinavyoamua mabomba na waya vipite wapi. Kama sinki linaweza kubaki lilipo, liache. Bomba la maji machafu linataka mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo ukilihamishia sinki mbali utachimba sakafu na gharama itapanda. Meza ya kazi kwa kawaida ina kimo cha kama sentimita 90 na upana wa 60, lakini muulize anayepika. Yeye ndiye atakayeumwa mgongo, sio fundi. Andaa pia sehemu ya kupikia kwa muda, watu lazima wale.

2. KUBOMOA, MABOMBA NA UMEME
Mkishabomoa, wanaingia fundi bomba na fundi umeme. Wanatindua ukuta na kupitisha vitu vyao. Hesabu vifaa vya leo na vya kesho: friji, birika, blenda, jiko la umeme. Soketi zetu za kawaida ni za ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Birika peke yake linaweza kula wati 2,000 au zaidi. Ukichomeka birika na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja unatafuta moto. Jiko kubwa la umeme liwe na laini yake lenyewe. Kwa Tanzania, fundi umeme muulize leseni ya EWURA, usione aibu.

Kabla ukuta haujafukiwa, jazeni maji kwenye mabomba na kuyaacha usiku mzima muone kama yanavuja. Halafu piga picha ukuta ukiwa wazi, futikamba ikionekana. Siku ya kutoboa ukuta kutundika kabati utajua bomba limepita wapi.

3. LIPU NA DARI
Lipu mpya imwagiliwe maji kama siku 7, kisha iachwe ikauke. Fundi mwenye haraka atakwambia siku moja inatosha. Ikipata nyufa, yeye atakuwa kwenye saiti nyingine.

4. TAILIZI ZA SAKAFU
Sasa ndiyo nenda dukani. Sakafu ya mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 13.2. Kwa tailizi za sentimita 40 kwa 40, hizo ni 83. Nunua zote kwa mpigo, uhakikishe namba ya toleo kwenye maboksi inafanana, la sivyo rangi zitapishana.

5. MAKABATI, MEZA, UKUTA
Seremala apime ukuta uliokwisha pigwa lipu, sio mchoro. Kabati za chini zikikaa ndipo anakuja wa granaiti kupima. Meza ikikaa, zinafuata tailizi za ukutani juu yake. Mwisho ni sinki, koki, taa na rangi ya kumalizia.

GESI NA MKAA
Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, weka na tundu la hewa karibu na sakafu. Kuangalia kama inavuja tumia povu la sabuni, kiberiti hapana. Wenye mkaa, moshi sio tatizo pekee. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, usifunge madirisha. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Hata kama leo unapikia mkaa, acha nafasi ya mtungi na soketi.

HELA IKIKATA JE?
Hapa ndipo mpangilio unapookoa familia. Hela ikiisha baada ya hatua ya 3, maji yanatoka, umeme upo, ukuta umekauka. Weka meza ya mbao, maisha yanaendelea, mengine mwakani. Lakini ukianza na tailizi na hela ikaisha, bimkubwa ana jiko zuri la kupigia picha, na bado anaosha vyombo uani. Kwa hiyo tenga kwanza hela ya hatua ya 2 na 3, weka akiba pembeni, na mlipe fundi kwa hatua iliyokamilika. Ukimpa zote mwanzoni utamtafuta kwa simu isiyopokelewa.

Mafundi mliopo humu, nimeruka hatua gani? Na wewe uliyewahi kubomoa tailizi mpya, dondosha maoni hapo chini wengine wapone.