Mtafiti wa Mawasiliano Akibisha Hodi, Anataka Nini Kwako?

Bibi mmoja wa Mbweni alitupigia simu baada ya kipindi chetu cha asubuhi. Alikuwa na malalamiko kidogo na swali moja. Kijana alimbishia hodi akiwa na kishikwambi mkononi, akasalimia vizuri, akajitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, yaani ile ya udaktari wa elimu, katika fani ya mawasiliano. Akamuuliza maswali kwa karibu nusu saa: anasikiliza redio gani, saa ngapi, pamoja na nani, na habari za afya anazipata wapi.

"Mimi najua mawasiliano ni mambo ya simu," bibi alituambia. "Nikangoja aniulize kuhusu mtandao unaokatika kila jioni. Hakuuliza. Basi nikamjibu ndiyo, ndiyo, ili aondoke. Samaki wangu walikuwa motoni."

Tulicheka naye. Lakini swali lake ni la wengi, kuanzia Mbweni hadi Makunduchi: hawa watu wanasoma nini hasa, na majibu yetu wanayapeleka wapi? Na zile "ndiyo" zake zinatuhusu sote, watangazaji na wasikilizaji, kuliko alivyodhani.

Mawasiliano gani wanayosoma?

Minara na nyaya ni kazi ya mainjinia. Mtafiti wa mawasiliano anashughulika na watu. Mwaka 1948 msomi wa Marekani, Harold Lasswell, aliifupisha kazi hiyo kwa maswali machache: nani amesema, amesema nini, kwa njia ipi, amemwambia nani, na baada ya hapo kumetokea nini. Mpaka leo wanafunzi wa fani hii huanzia hapo.

Shahada ya uzamivu ndiyo ngazi ya juu kabisa ya masomo ya chuo kikuu. Mwanafunzi huchagua swali moja ambalo halijajibiwa vya kutosha, analifuatilia kwa miaka kadhaa, kisha anaandika kitabu kizima cha utafiti na kukitetea mbele ya maprofesa. Katika eneo letu fani hii inasomeshwa katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Mwanza na Chuo Kikuu cha Daystar nchini Kenya. Wengine huenda Ulaya na Marekani.

Wengi wao ni walimu tayari. Ndio wanaowafundisha watangazaji wa kesho namna ya kuandika habari, kuhoji, kupima ukweli wa jambo na kulinda heshima ya mtu anayehojiwa. Kwa hiyo anachokipata mtafiti barazani kwako, kesho huenda kikafundishwa darasani, na keshokutwa ukakisikia redioni.

Wanachunguza mambo gani?

Wapo wanaochunguza historia. Hapa hapa Unguja, Kiungani, kati ya Mjini na Mbweni, skuli ya misheni ilianza kuchapisha gazeti la Msimulizi mwaka 1888, moja ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Anayetaka kujua Waswahili walianza vipi kupashana habari kwa maandishi ya kuchapwa hawezi kulipita.

Wapo wanaochunguza wasikilizaji. Mwingereza Graham Mytton alikuja Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960 kuangalia vyombo vya habari vina nafasi gani katika kujenga taifa. Utafiti huo ulimpatia shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Manchester. Baadaye akawa mkuu wa utafiti wa wasikilizaji katika Idhaa ya Dunia ya BBC.

Na wapo wanaotuchunguza sisi wenyewe wanahabari. Ayub Rioba, aliyekuwa mwalimu wa uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye mkurugenzi mkuu wa TBC, alipata shahada yake Chuo Kikuu cha Tampere, Finland, mwaka 2012. Alichunguza kama vyombo vya habari vya Tanzania vinaweza kuwajibika kwa kujisimamia vyenyewe. Kwa msikilizaji hilo ni swali la kila siku: redio ikikukosea, unakwenda kumlalamikia nani?

Mchezo wa redio uliopimwa

Wenye umri wa makamo wataukumbuka mchezo wa Twende na Wakati wa Radio Tanzania, ulioanza kurushwa mwaka 1993. Alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia na wanawake, ambaye mwisho wake ulikuwa maradhi. Watu walisikiliza kwa raha, huku mchezo ukifundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI.

Wasichojua wengi ni kwamba mchezo huo ulikuwa pia ni utafiti mkubwa. Miaka miwili ya kwanza, kituo cha Dodoma hakikuurusha. Watafiti, wakiwemo Peter Vaughan na Everett Rogers kutoka Marekani, walilinganisha kila mwaka watu wa Dodoma na watu wa maeneo yaliyousikia mchezo. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa.

Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu mambo mengi hubadilika kwa wakati mmoja. Zahanati inajengwa, watoto wanasoma, matangazo mengine yanapita. Watu wakianza uzazi wa mpango huwezi kusema moja kwa moja kuwa ni kazi ya redio. Ukiwa na eneo lisilosikia mchezo, unapata cha kulinganishia.

Matokeo yalionyesha kuwa matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mchezo uliposikika, na Dodoma nayo ikafuata baada ya kufunguliwa. Waligundua pia jambo jingine: redio haikufanya kazi peke yake. Mchezo uliwapa mume na mke pa kuanzia mazungumzo, na mazungumzo hayo ya ndani ndiyo yaliyosaidia kuleta uamuzi. Ndiyo maana kijana wa Mbweni aliuliza "unasikiliza na nani." Lile halikuwa swali la udaku.

Hasara ya "ndiyo" ya heshima

Sasa turudi kwa bibi yetu. Kwetu kumkatalia mgeni ni vigumu. Mtu akija kwa adabu, tunampa jibu tunalodhani litamfurahisha. Ni uungwana, lakini kwenye utafiti uungwana huo una gharama.

Tuchukue mfano wa hapa Zanzibar, ingawa huu ulikuwa utafiti wa afya. Kabla ya chanjo ya kipindupindu ya kunywa iliyotolewa mwaka 2009 katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, watu waliulizwa kama wataikubali. Walio wengi sana walisema ndiyo. Siku zilipofika, kati ya watu 48,178 waliostahili, waliokunywa dozi zote mbili walikuwa 23,921. Ni kama nusu tu.

Hatusemi watu walidanganya. Kukubali kwa mdomo ni jambo moja, na kufika kituoni mara mbili ni jambo jingine. Hapo ndipo mtafiti wa mawasiliano anapohitajika. Je, tangazo halikusikika? Lilisikika likashukiwa? Au lilitolewa saa ambayo wavuvi wako baharini na kina mama wako kwenye mwani?

Sisi watangazaji tunapanga vipindi kwa majibu kama hayo. Ukisema unasikiliza saa nne asubuhi, nasi tukaamini, onyo la upepo mkali au tangazo la chanjo litapita saa nne asubuhi, wakati wewe uko shambani na redio iko nyumbani imezimwa.

Akija kwako, ufanye nini?

Kwanza, muulize anatoka chuo gani na kama ana kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mtafiti wa kweli anacho, hachukii kuulizwa, na kwa kawaida ameshapita kwa sheha.

Pili, muulize anachunguza nini na majibu yako yatatumika vipi. Akueleze kwa Kiswahili unachokielewa.

Tatu, una haki ya kukataa, kuruka swali au kusimama katikati. Kama una samaki motoni, mwambie arudi jioni. Jina lako lisiandikwe wala sauti yako isirekodiwe bila ridhaa yako.

Nne, ukikubali, sema ilivyo. Kama husikilizi redio, sema husikilizi. Kama kipindi hukukielewa, sema. Jibu la "sijui" nalo ni jibu, na la "hapana" lina faida kuliko "ndiyo" ya kumfurahisha mgeni.

Tano, muulize matokeo utayapata vipi. Watafiti wengi wamechukua maneno ya watu wetu, wakaandika vitabu kwa lugha za kigeni, na waliojibu hawakusikia tena habari yao. Mwambie alete muhtasari kwa sheha, au aje redioni awaeleze wasikilizaji.

Hilo la mwisho sisi tuko tayari kulisaidia. Mtafiti yeyote aliyewahoji wasikilizaji wetu, mlango uko wazi aje kueleza alichokikuta, hata kama alichokikuta ni kwamba vipindi vyetu havisikilizwi.

Bibi wa Mbweni ametuambia kuwa kijana aliacha namba ya simu. Amempigia, wamekubaliana arudi Jumamosi baada ya alasiri, na safari hii, amesema, atamwambia kweli: redio yake huiwasha usiku tu, taarabu inapoanza.